Ubatizo wa Rafu ya Springi

Alhamisi, 9 Februari

Nimenunua rafu. Si rafu ya kawaida. Ya chuma, yenye vijia, na nyuma ya kila kijia kuna springi yenye kibao. Ukitoa kopo la mbele, springi inalisukuma la nyuma lishike nafasi yake. Muuzaji wa soko la El Alto aliitoa kwenye duka kubwa lililofungwa. Nilimuuliza kwa nini lilifungwa. Akasema rafu haina kosa lolote, kosa lilikuwa la wateja. Nimemwamini.

Mlinzi wa vibanda vya waya, vile vinavyoning'inia angani na kushusha abiria mjini, alikataa nishuke nayo La Paz ikiwa nzima. Nikaifungua vipande, nikavifunga kwenye shuka na kuingia. Njiani springi moja ilichomoka ikampiga mama mmoja kofia. Kofia ilianguka miguuni pa abiria wengine. Akaniambia, mzee, hicho chuma chako hakina adabu. Nilimjibu kwamba kina nguvu. Aliishika kofia kwa mikono miwili mpaka chini.

Naandika sababu, nisije nikasingiziwa baadaye. Doña Ubaldina Loza, mshona mavazi ya ngoma, alikuwa akija dukani kwangu kila jioni saa ya chai. Ni mjane, mimi ni mgane. Alinunua mkate, nikampitishia kikombe kati ya nondo za dirisha, akanywa amesimama upande wake na mimi upande wangu. Tangu Agosti anavuka barabara kwenda kwa Doña Saturnina Poma. Sijui nilimkosea nini. Nataka arudi anywe chai hapa. Ni hilo tu.

Ijumaa, 10 Februari

Nimeng'oa nondo. Duka zima sasa liko wazi, mteja ataingia kwa miguu yake. Nimefunga rafu ukutani. Samaki wa kopo juu, maziwa ya kopo katikati, sabuni chini.

Nilijaribu pia maziwa ya mfuko. Kosa. Springi iliusukuma mfuko wa mwisho, huo ukausukuma wa mbele yake, wa kwanza ukapasuka. Nikaweka mingine, nikidhani ule ulikuwa dhaifu. Haukuwa dhaifu. Nimepiga deki.

Kwa makopo, hakuna neno. Unatoa moja, lingine linakuja na mlio mdogo, tak. Nimetoa na kurudisha mchana kutwa. Kijia kimoja nilikiachia kopo moja peke yake. Springi ililileta mbele kabisa, na ukiwa mlangoni unaona kijia kimejaa. Nilisimama nikikitazama. Ni tabia nzuri ya kuwa nayo.

Jumamosi, 11 Februari

Siku ya ufunguzi. Huku kwetu mteja hapigi hodi. Anasimama mlangoni anaita, "Niuzie!", na mwenye duka anatoka nyuma, kijiko bado mkononi. Nimekomesha hayo. Nimebandika karatasi: USIITE. CHUKUA MWENYEWE.

Wakatii. Wakaingia, wakachukua, wakaacha hela kwenye kaunta, wakatoka. Hakuna aliyesubiri hata kidogo. Dereva mmoja wa teksi aliomba nyongeza yake ya kawaida, peremende mbili juu ya alichonunua. Nilimweleza kwamba springi haina nyongeza. Akasema basi springi imsalimie mwenye duka.

Doña Ubaldina alikuja kabla ya jioni. Nilikuwa nimeshaweka birika, mdalasini na karafuu ndani. Akasimama mlangoni, akasema, "Don Hila, mbona mwanga wote huu, kama tumeletwa kupasuliwa?" Nikamwonyesha kwa mkono aendelee. Akachukua kopo la maziwa. La nyuma likaja, tak. Akarudi hatua moja. "Huyu ananifukuza," akasema. Nikacheka. Yeye hakucheka sana. Akaweka hela, akaenda.

Alikaa dukani muda wa kusalimia mtu usiyemjua. Kwa upande wa huduma, ni mafanikio makubwa. Birika lilikuwa halijachemka. Lilipochemka nilikunywa kikombe changu, kisha chake, kisipotee bure.

Jumatatu, 13 Februari

Nimekwenda kumpeleleza Doña Saturnina. Nilivaa koti la mvua na kofia. Akaniita kwa jina kabla sijafika.

Niliagiza kiberiti. Naandika niliyoyaona kwa macho yangu. Mwanamke huyu hajui kitu chake kiko wapi. Alitafuta kwenye kasha la mishumaa, kisha nyuma ya unga, kisha akapanda kwenye kigoda, na akiwa juu akasimulia habari za goti lake. Goti la kushoto. Lilianza kuuma siku ya mazishi ya shemeji yake, ambaye naye alikuwa na goti. Nyuma yangu foleni imefika barabarani, na foleni nzima ina maoni juu ya magoti. Mmoja akashauri mafuta ya nyoka. Doña Ubaldina, aliyekuwa amekaa kwenye benchi pale nje na kikombe, akasema nyoka mwenyewe hana goti, atajuaje. Wakacheka mpaka Doña Saturnina akashikilia rafu yake ya mbao asianguke.

Kiberiti kilikuwa mfukoni mwa aproni yake. Akanipa na peremende ya nyongeza. "Kwako mambo yanakwenda mbio, nasikia," akasema. "Ukifika huko unakokimbilia, utuandikie, kaserito." Kaserito, kama anavyomwita kila mteja.

Hitimisho: uzembe mtupu. Mvua ilikuwa imeanza na watu bado wamesimama wakisubiri. Hawana namna, masikini, wamezoea. Duka langu linahitaji kujulikana zaidi.

Jumatano, 15 Februari

Nimepata njia. Kitu kipya hakianzi kazi bila mzazi wa ubatizo. Teksi ina wake, cherehani ina wake. Rafu yangu ilianza kazi bila mtu, ndiyo maana mambo hayaendi. Jumanne ya Kanivali kila mtu atavimwagia vitu vyake kinywaji, ili Pachamama, Mama Ardhi, apate chake kwanza. Siku hiyo rafu itabatizwa, na mama wa ubatizo atakuwa Doña Ubaldina. Mama wa ubatizo hawezi kukataa chai.

Nilikwenda kuomba kama inavyopaswa, na mikate iliyofungwa kitambaa na bia mbili. Nilivuka barabara mbele ya macho ya Doña Saturnina. Doña Ubaldina alikuwa ameinama juu ya mavazi ya wacheza ngoma, joka la nyuzi za dhahabu mapajani, pini mdomoni. Alizungumza kwa upande mmoja wa mdomo. Akasema amekuwa mama wa ubatizo wa teksi, wa jezi za timu, na wa choo cha shule. Rafu bado.

Akauliza, "Unaomba kweli, don Hila, au unanitania mimi mwanamke wa watu?"

Nikasema naomba kweli.

Akatoa pini zote mdomoni. Akasema basi atavaa kofia yake nzuri.

Jumanne, 21 Februari. Kanivali

Alikuja. Kofia ya kahawia, mpya. Sketi ya kijani, zile nzito. Alileta maua yaliyochambuliwa, karatasi za rangi na tepe za kuning'iniza. Alifunga tepe kwenye kila kijia kwa mikono yake, akirekebisha mafundo kama anavyorekebisha nguo ya mteja. Alitazama kazi yake akasema mtoto amependeza.

Doña Saturnina alikuwa mlangoni kwake na mafataki. Akapaza sauti barabara nzima isikie, "Mtoto kafanana na nani, don Hila? Baba au mama?" Doña Ubaldina akamjibu kwamba kafanana na shangazi wa ng'ambo, anasukuma watu. Wakacheka wote wawili, kila mmoja upande wake wa barabara. Nami nikacheka, ingawa sikuona vizuri wanacheka nini.

Kisha kinywaji. Yeye alidondosha matone kwenye pembe nne za rafu, inavyotakiwa, na kidogo chini sakafuni. Mimi nilikuwa nimejipanga vizuri zaidi. Bia nzima kwa kila kijia. Juu yake pombe ya zabibu. Juu yake maji ya sukari ya mdalasini, kwa kuwa Pachamama anapenda vitamu, na peremende nilizovunja kwa nyundo. Nilitaka ubatizo ambao Doña Saturnina hataufikia maishani mwake. Doña Ubaldina alinishika mkono. "Polepole, don Hila. Pachamama hanywi kwa ndoo." Nikasema leo atakunywa.

Alikaa. Alikaa kwenye kreti la soda, akala, akanywa chai vikombe kadhaa, akanisimulia mchezaji aliyenenepa ndani ya mwezi mmoja na joka likapasuka mgongoni siku ya mazoezi. Akasema marehemu mumewe hakuwa msemaji, lakini alikuwa msikilizaji mzuri wa mvua. Nikamuonyesha kibao cha springi kinavyofanya kazi. Akaondoka ngoma zilipoanza kupita.

Sherehe imefana. Rafu imelowa kuanzia juu hadi chini.

Alhamisi, 23 Februari

Balaa.

Jana duka lilifungwa, watu wote walikuwa na vichwa vizito. Leo nimefungua. Mteja wa kwanza akachukua samaki wa kopo. Hakuna tak. La nyuma halikuja. Nikaingiza mkono. Sukari imekauka, bia imekauka, peremende zimegeuka gundi. Makopo yameshikamana na vijia, vijia vimeshikamana na vibao, na karatasi za rangi zimeingia mpaka ndani ya springi.

Watu wakaanza kuita. "Niuzie!" Karatasi yangu ya USIITE ilikuwa mbele ya pua zao. "Niuzie, don Hila, huyu wako kagoma!" Ikabidi nitoke kwenye kaunta na kisu cha mkate, nikwangue kopo moja baada ya jingine, mteja akisubiri. Yule dereva wa teksi alitaka sabuni. Ilipotoka ilikuwa na tepe ya pinki. Akasema hii ndiyo nyongeza.

Doña Ubaldina alikuja kwa ajili ya maziwa. Nikamwambia asiguse, ni aibu, nitamtolea. Maziwa yalikuwa yameshika kuliko vyote. Nilikwangua, nikavuta, nikamwagia maji ya moto. Yeye akavuta kreti akakaa. Wengine wakaingia kuona. Mtu akaegemea gunia la mchele, mwingine kaunta. Kila mmoja na ushauri wake. Siki. Mafuta ya taa. Kuiimbia. Doña Ubaldina akasema yeye kama mama wa ubatizo anajua tatizo, mtoto amekunywa sana na sasa analala, nani kati yenu hajawahi kulala hivyo baada ya Kanivali. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Hapo springi ikaachia. Kopo la maziwa lilipita juu ya kaunta na kupiga kalenda ya ukutani, kalenda ikaanguka. Duka zima likapiga makofi. Hata Doña Saturnina alikuwa amefunga kwake kuja kutazama. Alisimama mlangoni anajifuta machozi ya kicheko, akiomba lirudiwe.

Birika lilikuwa jikoni. Mtu akalileta, sijui nani, nilikuwa chini ya rafu. Wakanywa chai yangu yote. Vikombe havikutosha, wakapokezana. Walipoondoka giza lilikuwa limeingia.

Sijawahi kuaibika hivi. Mtaa mzima umesimama dukani kwangu, mchana kutwa, ukishuhudia huduma ya namna hiyo.

Ijumaa, 24 Februari

Hali ni ileile. Afadhali niseme ni mbaya zaidi, kwa sababu wamerudi. Waliokosa jana wamekuja kwa sababu ya waliokuwepo. Doña Ubaldina alikuja mara mbili. Mara ya kwanza alitaka kopo la mbele, mara ya pili akataka la nyuma kabisa, lile lililoganda zaidi. Sijui kwa nini. Ni yaleyale maziwa. Alileta kushona kwake, akakaa kwenye kreti na sindano, mimi na kisu. Tuliongea juu ya mvua ya mawe ya mwaka ule iliyotoboa mabati. Alikumbuka mabati yangu kuliko mimi.

Nilimwomba radhi kwa kumpotezea muda. Akasema, "Usiiharakishe, don Hila. Iache ipone yenyewe."

Mwanamke mwenye moyo mwema. Ananionea huruma. Siwezi kuendelea kuitumia huruma ya mtu.

Jumapili, 26 Februari

Nimefunga duka jana na leo. Nimeifungua rafu yote. Nimeosha kila kijia kwa siki na maji ya moto, kila springi kwa mswaki. Karatasi za rangi nimezitoa kwa kibanio. Mikono imechubuka. Ni kazi ambayo ungeipenda ukiwa na mtu wa kukushikia taa.

Waligonga. "Niuzie!" Sikufungua. Baadaye wakaacha kugonga.

Jioni aligonga Doña Ubaldina. Niliijua sauti yake. Akasema, "Don Hila, fungua, nimepita kwa mwoka mikate, mikate bado ya moto." Nilikuwa sakafuni, vijia vimenizunguka, suruali imelowa siki. Sikutaka aone rafu katika hali ile. Nikamwambia kupitia mlango kwamba kesho itakuwa tayari, na hatasubiri tena hata dakika.

Akauliza kama nimekula. Nikasema kesho, Doña Ubaldina, kesho utaona mwenyewe. Nikasikia mfuko wa mikate ukihamishwa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kisha viatu vyake vikishuka ngazi.

Nilirudi kwenye springi. Zimebaki chache tu.

Jumatatu, 27 Februari

Ushindi.

Rafu haijawahi kuteleza hivi hata siku niliyoinunua. Nimeipaka mafuta ya cherehani. Tak, tak, tak. Nimebandika karatasi upya, herufi kubwa zaidi. Kreti la soda nimeliondoa, linazuia njia.

Asubuhi wameingia wengi. Walitazama huku na huku, kama watu walioingia nyumba isiyo yao. Mmoja akauliza, "Imepona?" Nikasema imepona kabisa. Akasema pole. Nadhani alitaka kusema hongera. Wakachukua, wakalipa, wakatoka. Mchana hakuna tena aliyeingia, maana kila mtu ameshahudumiwa.

Doña Ubaldina alikuja saa yake. Alikuwa na kitambaa cha kushona kwapani. Alitafuta kreti kwa macho. Nikamwambia nimeliondoa kwa ajili yake. Akachukua kopo la maziwa, la nyuma likaja mbele bila hata kutikisika. Alilitazama lile la nyuma kwa muda.

"Basi inafanya kazi," akasema.

Nikasema ni kazi ya mikono yangu.

"Naona, kaserito." Akaweka hela kwenye kaunta, akaziweka sawa kwa kidole, akatoka. Niliangalia saa. Hajawahi kuhudumiwa haraka namna hiyo, popote.

Alivuka. Sasa yuko kwenye benchi la Doña Saturnina, namwona kutoka hapa nilipokaa. Wameanza chai. Doña Saturnina amepanda kigoda, anatafuta kitu, na foleni imefika kwenye nguzo ya taa. Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, na naona kosa liko wapi. Bado Doña Ubaldina analazimika kuingia dukani, kufika kaunta, na kurudi mlango uleule. Kwa mwanamke mwenye kazi nyingi huo ni usumbufu.

Nimeupima mlango. Mbao ni laini, msumeno utapita. Nikitoboa tundu kwenye usawa wa mkono wake na kukigeuza kijia cha maziwa kielekee nje, kopo litamfikia barabarani, na kisanduku cha hela kando yake. Hatahitaji kuingia kabisa.